Vibao Ishirini na Tatu

Karani wa utalii alikuja Kingorani na orodha,
akaiweka juu ya kopo la rangi, ikashika duara.
"Vibao ishirini na tatu, fundi. Rangi ya udongo,
maandishi meupe, mshale, kilomita.
Wageni wataendesha wenyewe, hawataki kuuliza."
Nikasema, hewala.
Moyoni nikasema: asiyeuliza hafiki, hupita tu.

Siku nne nilipinda mgongo.
MNARANI ina miguu mingi,
brashi huchoka kupanda na kushuka.
TAKAUNGU niliianza kubwa mno,
ile U ya mwisho ikabanwa ukingoni
kama mgeni wa usiku kwenye kitanda cha watatu.
Nikaifuta kwa mafuta ya taa. Nikaanza tena.

Jumatatu tukapakia pikapu ya Kalume:
saruji mifuko miwili, sururu, timazi.
Mji wa Kale uchochoro ulitukataa,
kibao cha kwanza tukakibeba kichwani.
Bibi mmoja dirishani akauliza bei.
Alidhani tunauza meza.

Kengeleni tulichimba karibu na zile kengele
zilizotundikwa ziwaambie watu waliokwisha kuwa huru:
kimbieni tena.
Kalume alishika timazi kimya,
na Kalume si mtu wa kimya.

Kwenye magofu ya Jumba la Mtwana
mlinzi, Bi Sidi, alitoka na ufagio:
"Geuzeni mshale! Mmewapeleka kwa jirani."
Tukageuza. Akatukaribisha kivulini mwa ukuta,
akaugonga kwa kifundo cha kidole.
"Matumbawe haya. Mamia ya miaka."
Nikauliza, aliyeyakata nani?
"Hilo wageni hawaliulizi," akasema,
"na mimi sikufundishwa."

Baba yangu alikata mawe Utange.
Tindo, shoka, unga mweupe kwenye nyusi.
Tulipokuwa wadogo tuliamini
kwamba kila jioni baba huzeeka,
na akishaoga huwa kijana.
Kuta ngapi za Majengo zilitoka shimoni mwake
sijui. Hakuandika jina hata kwenye moja.
Siku aliyokufa tulimchimbia pale pale
penye jiwe, na jiwe likatusumbua,
likataka tindo yake.

Vipingo, makonge mistari kwa mistari
kama daftari la mtoto aliyeadhibiwa.
Takaungu, mbuzi walikuja kuonja saruji.
Mnarani, kibao cha ishirini na tatu,
Kalume akahesabu mabati nyuma ya gari:
limebaki moja.
Karani alikosea hesabu, au mimi.

Kurudi, nikamwambia, kata kulia hapa.
"Hapa hapamo kwenye orodha."
Kata, Kalume.
Nikaandika kwa mwanga wa taa za gari:
MACHIMBO. Mshale.
Kilomita sikuziweka. Umbali wa kule
niliujua kwa uji wa baba tu:
ulitoka nyumbani wa moto, ukafika vuguvugu.

Wiki ya tatu Kalume ananipigia anacheka.
Gari jeupe la kukodi limekata kona,
mume, mke, na mtoto aliyenuna.
Wamekuta shimo, maji ya mvua, bata sita,
na mwanamke anafua.
Wakauliza kiingilio.
Akafikiri kidogo, akasema:
"Nishikieni blanketi hili tulikamue."
Wakalikamua, huku wao, kule yeye,
wakaloa mpaka viatuni.
Mtoto akasogea ukutani,
akatia kidole kwenye alama za tindo,
akaanza kuhesabu,
wakamwita, akahesabu,
wakawasha gari, bado anahesabu.

Leo karani naye amepiga.
"Fundi, kibao cha ishirini na nne
nani amekiidhinisha?"
Nikamwambia kweli, kina kasoro,
hakina kilomita.
Nakwenda kuzipima kesho,
kwa miguu.